Taipureta ya zamani: ya mezani, ya mkononi, nyembamba au ya umeme?

Jioni zinapoanza kuwa ndefu, majani yakipukutika na watu wakirudi ndani mapema, wengi hukumbuka raha ndogo ndogo: kikombe cha moto, barua inayoandikwa bila haraka, na mlio wa taipureta chumba cha pili. Ndipo utafutaji unapoanza, na ndipo mtu anapokwama. Anaona picha ishirini za mashine, zote zinapendeza, zote "zinafanya kazi" kwa maneno ya muuzaji, na hajui aanzie wapi.

Nimekuwa nikizisafisha na kuziandikia mashine hizi kwa miaka. Hapa nazilinganisha kwa aina wala si kwa majina. Nina sababu. Mashine mbili za jina moja, zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, zinaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi baada ya miaka 60, ikiwa moja ililala sandukuni mahali pakavu na nyingine ilikaa stoo yenye unyevu. Chagua aina kwanza, kisha ichunguze ile moja iliyo mbele yako.

## Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza ni mguso, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapojuta. Katika taipureta isiyo ya umeme, kidole ndicho injini. Ukibonyeza kitufe, mkono wa chuma wenye herufi kwenye ncha unaruka, unagonga utepe wa wino, herufi inabaki kwenye karatasi, na kigari kinachobeba karatasi kinasogea hatua moja kushoto. Mashine nzuri inakuachia kuanzisha tu, mwendo unajimalizia wenyewe. Iliyochoka au iliyojaa uchafu inakulazimisha usukume mpaka chini.

Ndani ya mguso kuna shifti, kitufe cha kupata herufi kubwa, ambayo wauzaji hawaitaji kabisa. Sholes & Glidden, iliyotengenezwa na Remington na kuingia sokoni mwaka 1874, haikuwa nayo kwa kuwa iliandika herufi kubwa tupu; shifti ilikuja na Remington No. 2 mwaka 1878. Tangu hapo watengenezaji wamekwenda njia mbili. Katika mashine nyingine, ukitaka herufi kubwa, kidole chako kidogo kinanyanyua kigari kizima pamoja na rola yake ya mpira. Katika nyingine kinashusha kapu lenye mikono ya herufi, na kigari hakiguswi. Tofauti hiyo hutaihisi kwenye sentensi moja. Utaihisi ukifika ukurasa wa pili, na sisi tunaoandika Kiswahili tunaihisi mapema zaidi: kwenye mashine nyingi za zamani za Marekani, ritifaa iko juu ya tarakimu 8, kwa hiyo kila *ng'ombe*, *ng'ambo* na *kung'aa* inadai shifti.

Vipimo vingine ni vyepesi kueleza. Uzito na nafasi: je, mashine itakaa mahali pamoja au itahama? Sauti: nani mwingine yuko nyumbani unapoandika? Utepe na vipuri: wino ukiisha au kitu kikikatika, utakipata? Matunzo: kazi ipi utaweza kuifanya mwenyewe kwa brashi na bisibisi, na ipi itamhitaji fundi? Mwisho wa kila aina nitasema inamfaa nani.

## Ya mezani

Hizi ndizo zilizojaza maofisi: Underwood No. 5 ya mwanzoni mwa karne ya 20, Royal No. 10 iliyotoka mwaka 1914, na Olympia SG1 ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1953. Underwood ina heshima yake ya pekee. Kabla yake, mashine nyingi ziligonga karatasi kwa chini ya rola, mwandishi asione alichoandika mpaka ainue kigari. Muundo wa Franz Xaver Wagner, uliochukuliwa na Underwood, ulifanya herufi zigonge mbele, machoni pa mwandishi, na karibu kila taipureta iliyofuata iliiga hivyo.

Mguso. Hapa mashine hizi hazina mpinzani miongoni mwa zisizo za umeme. Mikono ya herufi ni mirefu, uzito wake umepangwa vizuri, na kitufe kinashuka kwa mwendo mmoja laini. Ukiandika kurasa kumi kwa siku, vidole vitakushukuru. Angalizo: Underwood No. 5 inanyanyua kigari kwenye shifti, na kigari chake si kidogo.

Uzito na nafasi. Kati ya kilo 13 na 18 hivi. Ukiiweka, imewekwa. Inataka meza imara isiyoyumba, na nafasi pande zote mbili ili kigari kipite bila kugonga ukuta au kusukuma kikombe.

Sauti. Nzito na ya chini, kama mtu anayegonga ubao mnene. Uzito wa chuma unameza ule mlio mkali ambao mashine ndogo hutoa.

Utepe na vipuri. Nyingi hutumia utepe wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, ambao bado unatengenezwa. Kwa kuwa zilitoka kwa wingi, ni rahisi kupata mashine nyingine iliyokufa ya kunyofolea vipuri.

Matunzo. Ziko wazi. Ukiinama unaona kila fimbo na kila springi, unafuata kwa macho kitufe kinavyovuta mkono wake, na tatizo mara nyingi linajionyesha. Uwazi huo pia ni mlango wa vumbi, kwa hiyo kitambaa cha kufunika ni lazima.

Inamfaa nani. Mwenye chumba au kona yake, anayeandika kila siku, asiyehamahama. Pia anayependa kujifunza ufundi, maana hakuna mwalimu mzuri kuliko mashine inayoonyesha matumbo yake.

## Ya mkononi, saizi ya kati

Huja na sanduku lenye mshikio. Humo kuna Smith-Corona Silent-Super, Royal Quiet De Luxe, Olympia SM3 na SM9, na Hermes 3000 ya Uswisi iliyotoka mwaka 1958. Miaka ya 1950 na 1960 watengenezaji walishindana hasa kwenye kundi hili, na ushindani huo unauona katika ubora wa kazi yenyewe.

Mguso. Unakaribia ule wa mezani. Angalia shifti lakini, hata ndani ya familia moja: Olympia SM3 inanyanyua kigari, ilhali SM9 iliyoanza mwaka 1964 inashusha kapu. Mwenye kidole kidogo kisicho na nguvu atajua tofauti. Smith-Corona za kundi hili zinashusha kapu pia.

Uzito na nafasi. Kilo 5 hadi 8, sanduku likiongeza kidogo. Unaitoa kabatini, unaandika kwenye meza ya chakula, unairudisha. Kuibeba safari nzima ya miguu ni mateso.

Sauti. Ya kati. Taulo lililokunjwa au kipande cha fulana nzito chini ya mashine kinapunguza mlio kuliko unavyodhani, kwa sababu meza ndiyo inayogeuka ngoma.

Utepe na vipuri. Utepe ni ule ule wa nusu inchi, ila baadhi zina vigurudumu vya utepe vyenye umbo lake. Kanuni ni moja kwa aina zote: usitupe vigurudumu vya zamani. Vikiwa salama, unanunua utepe wowote wa upana huo na kuuzungusha upya juu yake kwa mkono.

Matunzo. Bamba za nje zinaficha mitambo, kwa hiyo utafungua skrubu chache kabla ya kufika kwenye uchafu. Ndani, baadhi zimewekewa sponji ya kupunguza kelele ambayo kwa umri huu huwa imeoza na kugeuka unga unaonata. Iondoe yote.

Inamfaa nani. Anayetaka kuandika barua na kurasa za kweli bila kuwa na chumba maalumu. Mtu asiyejua bado atapenda nini hapotei njia akianzia hapa.

## Nyembamba

Hermes Baby ya mwaka 1935 ilionyesha kwamba taipureta inaweza kuwa bapa kama kitabu kikubwa. Olivetti ya Italia ikafuata na Lettera 22 mwaka 1950, umbo likiwa kazi ya Marcello Nizzoli na mitambo ikiwa ya Giuseppe Beccio; mwaka 1954 ilipata tuzo ya Compasso d'Oro. Lettera 32 ikaja mwaka 1963, kisha mwaka 1969 ikaja Valentine nyekundu ya Ettore Sottsass na Perry King. Ni kundi linaloteka macho, na macho ndiyo yanayoponza wanunuzi.

Mguso. Ili mashine iwe bapa, fimbo za ndani zimefupishwa na mwendo wa kitufe umebanwa. Kidole kinahitaji mpigo mfupi na wa uhakika. Ukibonyeza kwa uvivu herufi inatoka hafifu. Lettera 22 iliyo safi inajibu haraka na kwa ukali fulani ninaoupenda. Hermes Baby inanyanyua kigari kwenye shifti, lakini kigari chenyewe ni chepesi, kwa hiyo haichoshi kama unavyotarajia. Baada ya kurasa tatu nne, wengi huhisi uchovu kwenye viganja.

Uzito na nafasi. Kilo 4 hivi. Inaingia kwenye mkoba, inakaa magotini, inaandikia kwenye treni. Wepesi huo una gharama: unaporudisha kigari kwa nguvu, mashine nzima inateleza mezani. Kipande cha mpira chini yake kinatosha.

Sauti. Kali na ya juu. Usiku wa manane watu wa chumba cha jirani watajua unaandika.

Utepe na vipuri. Utepe upo. Kwa Valentine, chunguza vishikizo viwili vya mpira vinavyofungia mashine ndani ya ganda lake: mpira huo huzeeka na kupasuka, na bila huo ganda halishiki.

Matunzo. Nafasi ndani ni finyu, kwa hiyo nyuzi mbili za vumbi na nywele moja zinatosha kuzuia mkono wa herufi. Safisha mara nyingi, kidogo kidogo.

Inamfaa nani. Msafiri, mwanafunzi wa chumba kidogo, mwandishi wa kadi na shairi la ukurasa mmoja. Pia mtu anayejua kabisa kwamba asipoiona mashine mezani hataitumia, na mashine kubwa haina pa kukaa.

## Ya umeme

Kundi hili lina makabila matatu. Kuna zenye mikono ya kawaida ya herufi ikisukumwa na mota. Kuna IBM Selectric, iliyotoka mwaka 1961: haina mikono ya herufi wala kigari kinachotembea, bali mpira mdogo wenye herufi 88 unaozunguka na kuinama huku wenyewe ukipita mbele ya karatasi. Ukitaka mwandiko mwingine, unachomoa mpira mmoja na kupachika mwingine. Kuna pia za kielektroniki zenye gurudumu la herufi, ambazo ziliendelea kutoka viwandani hata karne ya 21. Taipureta ya mwisho kutengenezwa Uingereza ilitoka kiwanda cha Brother cha Wrexham mwaka 2012.

Mguso. Unagusa, mota inagonga. Kila herufi inapata nguvu ile ile, kwa hiyo ukurasa unatoka sawasawa hata kama kidole kimoja ni dhaifu. Mwenye maumivu ya viungo vya vidole asiache kuzijaribu hizi kabla ya kukata tamaa. Ila ukipumzisha vidole juu ya vitufe kwa mazoea ya mashine za kawaida, herufi usizozikusudia zitaandikika.

Uzito na nafasi. Selectric ina uzito wa mashine ya mezani au zaidi, na inahitaji soketi karibu. Nguvu ya umeme iangaliwe kwanza: iliyotengenezwa kwa volti 115 ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma utaiunguza.

Sauti. Mota inanguruma hata usipoandika. Wengine wanasema mngurumo huo unawasukuma waendelee; mimi unaninyima ukimya ule wa kufikiri kati ya sentensi na sentensi, na ukimya huo ndio ninaoufuata kwenye taipureta.

Utepe na vipuri. Hapa ndipo pagumu. Nyingi zina kaseti za aina yake, na utepe wa filamu ya kaboni hupita mara moja tu, basi. Hakikisha kaseti ya modeli hiyo bado inapatikana kabla ya kufikiria kulipa.

Matunzo. Grisi ya zamani huganda ndani ya Selectric na kuifunga kabisa. Kuifungua vizuri ni kazi ya fundi aliyeifundishwa, na mafundi hao wanapungua. Kwa kazi yoyote ile, plagi itoke ukutani kwanza.

Inamfaa nani. Anayeandika kwa kasi na kwa wingi, anayetaka ukurasa nadhifu, au ambaye vidole vyake haviwezi tena kupiga kwa nguvu, na awe anamjua fundi.

## Kabla ya kulipa

Ukiweza kuiona mashine kwa macho, nenda na karatasi mbili. Mbili, kwa sababu ya pili inakaa nyuma ya ile ya kwanza kama mto. Rola ya mpira hukauka kwa miaka mpaka inakuwa kama jiwe. Ukucha hauachi alama, herufi *o* inatoboa karatasi, na mlio unakuwa kama risasi. Karatasi ya pili inapunguza yote hayo, na mashine nyingi zinaishi hivyo kwa raha. Rola inaweza pia kuvishwa mpira mpya.

Bonyeza kila kitufe, safu kwa safu, na uangalie mkono unavyorudi. Ukirudi polepole, mara nyingi ni uchafu tu. Andika mstari mzima wa herufi moja uone kama nafasi zinaruka. Andika *HhHhHh* uone kama herufi kubwa na ndogo zimekaa mstari mmoja. Hesabu vitufe: vile vya mviringo vyenye kioo na pete ya chuma, watu hukata na kutengeneza mapambo, na mashine iliyoibiwa meno yake kwa ajili ya bangili ni hasara inayoniuma kila ninapoiona. Usishtuke usipoona tarakimu 1. Mashine nyingi hazikuwa nayo. Unatumia *l* ndogo. Alama ya mshangao nayo inajengwa: ritifaa, rudi nyuma hatua moja, nukta.

Angalia pia mpangilio wa vitufe. Kiswahili hakidai alama zozote juu ya herufi, kwa hiyo mashine ya lugha yoyote yenye herufi za Kilatini inatuandikia. Lakini ya Kijerumani imebadilishana *z* na *y*, na ya Kifaransa imeipeleka *a* mahali ambapo wengine wana *q*. Herufi *a* ndiyo tunayoipiga kuliko zote. Kama vidole vyako vimezoea mpangilio mwingine, utakosea kila neno kwa wiki za kwanza.

Kisha kuna mitego mitatu inayofanya mashine nzima ionekane mfu. Wa kwanza ni kufuli ya kigari. Mashine nyingi za mkononi zina kijiti kinachofunga kigari wakati wa safari, na niliwahi kuletewa moja "iliyovunjika" ambayo kwa miaka haikuwa na ugonjwa mwingine wowote. Nilisogeza kijiti kwa kidole gumba, kigari kikateleza kushoto na kengele ikalia. Wa pili ni kichaguzi cha rangi ya utepe. Kikiwa kwenye alama ya stensili, utepe haunyanyuki kabisa, na mtu anadhani wino umekauka. Wa tatu ni ukanda unaovuta kigari kutoka kwenye springi kuu. Ukikatika, kigari hakisogei hata ukipiga herufi, lakini ukikivuta kwa mkono taratibu kuelekea kushoto huku unapiga, herufi zinakaa mahali pake. Hilo ni jambo linalotengenezeka, wakati mwingine kwa uzi imara wa kuvulia samaki.

Mashine ikiwa mbali, omba picha ya ukurasa ulioandikwa nayo na picha ya namba ya kiwandani. Tovuti ya Typewriter Database inasaidia kuioanisha namba hiyo na mwaka. Msisitizie muuzaji afunge kigari, azungushie mashine kinga nene, kisha aweke boksi ndani ya boksi. Taipureta nyingi zilizovuka vita na mafuriko zimefia njiani kwa kufungashwa vibaya.

## Ikishafika nyumbani

Inyanyue kwa kushika chini ya mwili wake, kamwe si kwa kigari. Ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini na hewa. Kisha chukua mswaki wa zamani usafishe nyuso za herufi. Utaona *a*, *e* na *o* zimezibwa na wino na nyuzi za utepe, kiasi kwamba kwenye karatasi *a* inatoka kama doa jeusi lenye mkia. Kijiti cha meno kinautoa uchafu huo kama punje moja ngumu, na mara ukipiga tena, tumbo la herufi linafunguka. Sijui kazi ndogo nyingine inayolipa haraka namna hiyo.

Mikono ikinasa, usitie mafuta. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloua mashine nyingi mikononi mwa watu wenye nia njema. Mikono yote inalala kwenye chuma chenye mifereji myembamba kama kitana. Ukitia mafuta pale, leo itateleza, kesho mafuta yatakamata vumbi, na baada ya miezi itakuwa gundi. Kinachotakiwa pale ni kuyeyusha uchafu: kioevu cha kuoshea brashi za rangi ya mafuta, kidogo, kwa brashi, huku ukipiga vitufe mpaka vilegee. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Thina kali na spiriti usizitumie kwenye bamba za nje, zinakula rangi na maandishi. Mafuta ya cherehani yana mahali pake: tone moja kwenye reli za kigari, ukilipangusa mpaka ubaki utando mwembamba tu.

Kabla ya kutoa utepe, piga picha namna ulivyopita. Ukimaliza kuandika, usiache karatasi ndani, funika mashine, na iwe mahali pakavu pasipo jua la moja kwa moja. Ikikaa muda mrefu bila kazi, legeza kishikizo cha karatasi ili vijirola vya chini visipate ubapa.

## Kwa hali yako

Kama unaandika kila siku na una meza ya kudumu, ya mezani itakupa raha ambayo nyingine hazifikii. Ukiwa kwenye nyumba ya kupanga na unahama kila mara, hata usiijaribu.

Kama ni mara yako ya kwanza na hujui utaitumia kiasi gani, tafuta ya mkononi ya saizi ya kati iliyokwisha kusafishwa na fundi, hata kama ni ghali kuliko iliyolala stoo. Ile ya stoo mwachie anayetaka kujifunza ufundi. Kwake yeye uchafu ndiyo sehemu ya utamu.

Kama nafasi ni ndogo au unataka kuandikia bustanini na safarini, nyembamba. Kama kuna mtoto anayelala chumba cha jirani, irudishe nyembamba rafuni na uchukue ya kati yenye taulo chini.

Kama vidole vinauma, au una kurasa mia za kunakili, jaribu ya umeme, mradi kaseti na fundi vipo. Kama hakuna fundi karibu na unapenda kujitengenezea, baki na zisizo za umeme.

Kama imebaki taipureta ya mzazi au babu ndani ya nyumba, ya aina yoyote ile, anza na hiyo kabla ya kununua. Toa kitambaa, tafuta kijiti cha kufuli ya kigari, weka karatasi mbili, na upige herufi *a*.